Bunduki ya Mjomba Yatafuta Mkanda

Mtu mwenye bunduki isiyo na mkanda hana mikono. Wasiowahi kushika bunduki hawalijui hili, na mjomba wangu wa hapa Usinge alilijua ila alikataa kulisema. Salamu ya Kinyamwezi haitaki haraka. "Mwangaluka" ikishatoka mdomoni, mtu anainama, anapiga makofi taratibu au anampokea mwenzake kwa mikono yote miwili, ndipo yanafuata maswali ya mke, watoto, mvua na ng'ombe, moja baada ya jingine. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa tu, bunduki kaikumbatia kifuani. Haukupita muda wazee wakaanza kunong'ona kwamba tangu arithi silaha ya baba yake amepata kiburi.

Kwenye baiskeli ndiko kulikuwa na kichekesho chenyewe. Hapa kwetu baiskeli ndiyo gari, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Mjomba alikuwa anailaza bunduki juu ya usukani, anaibana kwa vidole gumba, anakwenda shamba. Njia zetu ni za mtu mmoja, zinapita katikati ya tumbaku na mahindi, na bunduki iliyokingama inakula njia yote na kuomba nyongeza. Waliokuja mbele, wakiona mtutu unatangulia, walishuka wenyewe wakaingia shambani bila kuambiwa. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa wa Kigoma aliingia kwenye tumbaku, akapiga magoti huko huko, akamsalimia mjomba kwa heshima ambayo mjomba hajawahi kuipata tangu azaliwe. Alifurahi sana, akapita anapiga mluzi. Mimi niliyekuwa nyuma ndiye niliyesaidia kuokota dagaa.

Kazi ya bunduki hii siku hizi si kubwa. Inalinda shamba: nguruwe pori usiku, nyani mchana, na kiboko anayepanda kutoka upande wa mto Malagarasi mwaka ambao mvua zimezidi. Risasi zake ni adimu na ghali, kwa hiyo mjomba anazihesabu kila jioni. Nyani wameshauelewa uchumi wake. Akiinua bunduki wanamtazama, wanaendelea na mahindi.

Kwa kuwa mjomba alihitaji mikono, bunduki ikawa ya kubebwa na mpwa, na mpwa ni mimi. Alikuwa mbele na baiskeli yake, mimi nyuma kwa miguu, kilo tatu na nusu za chuma na mti begani. Ingekuwa hivyo mpaka leo kama tusingekutana na askari polisi, Mzaramo, kijana mcheshi ambaye kila akimwona Mnyamwezi hukumbuka kwamba sisi ni watani zake. Utani huu umetoka kwenye njia ya misafara. Babu zetu walishuka na pembe za ndovu mpaka pwani, wakapita kwao, wakagombana, wakazikana, wakaishia kutaniana.

"Kibali cha silaha kina jina la nani?" aliuliza.

"Langu," akasema mjomba.

"Na anayebeba ni nani?"

"Mpwa wangu."

"Basi mpwa wako akabebe jembe. Silaha anabeba aliyeandikwa." Kisha akacheka. "Mnyamwezi gani wewe unashindwa na mzigo? Wenzako walibeba frasila mbili mpaka Bagamoyo bila kupumzika!"

"Walipumzika," mjomba akajibu. "Walipumzika kwenu, mkawauzia maji."

Frasila mbili ni karibu kilo 32, na huo ndio uliokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi wa karne ya 19: meno ya tembo wakati wa kushuka, vitambaa, shanga na waya wa shaba wakati wa kupanda. Njia kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita nchi hii yetu, ikavuka Malagarasi, ikaingia Uvinza kwenye chumvi. Wapelelezi Burton na Speke walipita huku mwanzoni mwa 1858 wakielekea Ziwa Tanganyika, tena wakiwa wagonjwa, wengine wamebeba na wao wamebebwa. Mwaka 1871 Stanley alikuta mtemi Mirambo wa Urambo ameifunga njia kwa vita na Waarabu wa Tabora, ikambidi azungukie kusini ili afike Ujiji kwa Livingstone. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na hapo bega la Mnyamwezi likapata likizo. Mjomba hakuikubali likizo hiyo. Kwake yeye kuning'iniza bunduki kwa mkanda ni uvivu, na uvivu huo alikatazwa na marehemu babu.

Lakini amri ya polisi ni amri ya polisi. Mikono inatakiwa na baiskeli, bunduki inatakiwa na mwenye kibali, na mpwa ameachishwa kazi. Ikabaki njia moja: pete mbili, moja mbele na moja nyuma, na mkanda katikati yake.

Hapa lazima niieleze bunduki yenyewe, maana si ya kutoka dukani. Ni ya kuagizwa. Mahali fulani, zamani, Mzungu mmoja alipimwa urefu wa mkono, upana wa bega na shingo kama anayeshonewa suti ya harusi, kisha fundi akachonga kitako cha mti wa jozi kumfuata yeye. Huyo aliyepimwa lazima alikuwa mrefu mno, kwani mjomba akiiweka begani inabidi anyooshe shingo ndipo aone shabaha. Mashine yake ni Mauser, ule muundo uliopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898 na ambao mafundi wa dunia nzima wameutumia kujengea bunduki za kuwindia. Risasi yake ni 9.3×62, iliyobuniwa na Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, mwaka 1905. Wateja aliowafikiria Bock walikuwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani Afrika: watu waliotaka risasi ya kumwangusha mnyama mnene lakini hawakuwa na pesa za bunduki za kifahari za London. Risasi hiyo inaingia kwenye Mauser ya kawaida, bila mashine kubwa zaidi. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, mjomba ndiye mteja wa Bock hasa. Amechelewa tu.

Ilivyofika kwetu ni habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika za kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, na Urambo ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yakaja kwa wingi. Miti na mizizi ikayavunja, mvua ikagoma, mahesabu yakagoma zaidi, na kufika 1951 mpango wote ulikuwa umezikwa. Urambo ikahamia kwenye tumbaku, na baadhi ya Wazungu wakabaki kuilima. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na bunduki hii, na mbeba bunduki wake alikuwa babu mzaa mama.

Ubeba bunduki ulikuwa cheo. Mbebaji alitembea hatua mbili kutoka kwa bwana wake, bunduki begani, mkono mmoja umeshika mtutu na kitako kikiwa nyuma, akasubiri mkono unyooshwe ndipo akabidhi. Alilipwa kuliko mpishi, alikula nyama kabla ya mpishi, na hakufua nguo za mtu. Baada ya Uhuru Mzungu yule alirudi kwao, bunduki akamwachia babu kwa kufuata taratibu zote, na babu alipofariki ikakabidhiwa polisi mpaka mjomba alipopata kibali chake. Pamoja na bunduki mjomba alirithi maneno ya baba yake: bunduki ikining'inizwa inasinzia, na mwenye bunduki iliyosinzia ataliwa. Chini ya mtutu, shubiri moja mbele ya mti, palikuwa na kijicho kidogo cha chuma chenye tundu. Babu alimwambia mwanawe kwamba hapo ni mahali pa kufungia hirizi. Hirizi ikafungwa. Imekaa hapo mpaka kitambaa chake hakijulikani kilikuwa cha rangi gani.

Tulianza na mafundi wa karibu, na hapa nawaomba radhi majirani zangu kwa nitakayoyasema.

Fundi baiskeli alisema hakuna haja ya pete. Alikata tyubu kuukuu, akatoa ile mipira mirefu tunayofungia magunia kwenye keria, akaufunga mmoja kwenye shingo ya kitako na mwingine katikati ya mti wa mbele. Bunduki ikakaa mgongoni vizuri kabisa mjomba aliposimama. Alipopanda baiskeli ikaamka. Kila shimo la njiani liliivuta chini, kila baada ya shimo ikapanda juu, na kwa kuwa barabara ya Usinge ina mashimo yake yanayofahamika, mjomba alipigwa kisogoni kuanzia stesheni mpaka shambani. Alirudi kwa miguu. Fundi baiskeli alipoambiwa akasema mpira ni mzuri, kichwa ndicho kirefu.

Fundi wa kuchomelea alikuwa na uhakika zaidi, na hicho ndicho kilichoniogopesha. Aliitazama bunduki ikiwa mkononi mwa mjomba, akachukua nati mbili kubwa za trekta, akaonyesha kwa kidole. "Moja naichomelea hapa chini ya mtutu, nyingine hapa kwenye kitako. Dakika mbili."

"Kitako ni mti," nikamwambia.

Akafikiri. "Tutatia bati kwanza."

"Na kwenye mtutu, kwa nini usitumie hiki kijicho kilichopo?"

"Hapo pana mwenyewe," akasema, akiitazama hirizi kwa adabu.

Mtu asicheke. Moto wa kuchomelea ukigusa mtutu, chuma kinabadilika tabia mahali pale, na mtutu ni bomba linalozuia mlipuko usimfikie mtu usoni. Pete za aina hii zikiunganishwa na mtutu huunganishwa kwa lehemu laini inayoyeyuka kwa joto dogo, na afanyaye hivyo ni fundi anayejua anachokifanya. Zaidi ya hayo, kutengeneza silaha ni kazi yenye leseni yake. Fundi wa geti na kitanda hana ruhusa, hata kama ana jenereta mpya. Askari wetu Mzaramo alipopata habari alifika pale mbio, akasema neno moja tu: "Jaribuni."

Hatukujaribu. Tukapewa barua ya kusafiri na silaha kwenda kwa fundi mwenye leseni, mjini.

Safari ya treni sikuitegemea iwe na matata, lakini fikiria: mtu anakwenda kutafutia bunduki mkanda, na njia nzima hana mkanda wa kuibebea. Mjomba alichomoa bolti, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaifunga bunduki kwenye blanketi, kisha kwenye mkeka, kisha akaizungushia kamba ya katani. Mkono wa pili alibeba dumu la asali na bonge la nta, zawadi ya fundi, maana Mnyamwezi hawezi kwenda kwa mtu na mikono mitupu hata kama mikono yenyewe haipo. Behewani kila abiria alikuwa na maoni yake kuhusu mkeka ule. Mmoja alitaka kujua kama ni mlingoti wa mtumbwi. Mwingine alishauri usimamishwe, ukilazwa utapinda. Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, bibi mmoja alipanda na kuku, akauona mkeka umelala kwenye benchi, mrefu, umefungwa kamba, na mwanaume mwenye uso mzito ameuwekea mkono. Alikaa kimya mpaka Urambo. Halafu akampa mjomba pole.

"Asante, mama," akasema mjomba, ambaye hapokonyi mtu heshima anayotaka kuitoa.

"Alikuwa mdogo," bibi akasema.

"Ni wa siku nyingi," mjomba akajibu. Kweli tupu. Mpaka Usoke behewa zima lilikuwa limetuchangia ndizi.

Fundi wa mjini alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa, na meza safi kuliko meza yoyote ya fundi niliyowahi kuiona. Aliambiwa bolti imechomolewa, akasikia, kisha akachungulia mwenyewe ndani ya mtutu kutoka nyuma. Akapitisha kidole kwenye kitako chote polepole. Chini, karibu sentimita saba kutoka ncha, kidole kikasimama. Akarudia. Akachukua kitambaa chenye spiriti, akasugua pale, akaisogeza bunduki dirishani.

"Nani aliziba hapa?"

Tukainama. Chini ya uchafu na mafuta ya miaka palikuwa na duara dogo, jekundu kidogo kuliko mti uliolizunguka. Nyuzi za mti wa kitako zilikwenda kwa urefu. Za duara zilikwenda kwa upande. Fundi akakwangua kwa ncha ya kisu, akanusa vumbi lake.

"Mninga," akasema. "Kitako ni jozi, kimetoka Ulaya. Huu mninga umetoka huku kwenu. Hapa palikuwa na pete, ikatolewa, tundu likazibwa, na aliyeziba alikuwa na mkono mzuri na muda wa kutosha." Akaigeuza. Akafika kwenye hirizi. "Na hapa mmeweka nini?"

"Hapo ni mahali pa hirizi," mjomba akasema.

Fundi akavua miwani. "Mzee wangu, hapo ni mahali pa mkanda."

"Una hakika?"

"Mimi nimefanya kazi hii tangu ujana. Mjerumani akitengeneza bunduki hawezi kutoboa chuma kwa ajili ya hirizi yako."

Akatueleza kwa nini kijicho kile kimekaa kwenye mtutu, mbele kabisa, badala ya kukaa kwenye mti. Bunduki yenye nguvu ikilia inarudi nyuma kwa kishindo, na mkono wa kushoto uko chini ya mti. Pete ikiwa kwenye mti, mbele kidogo ya vidole, inarudi pamoja na bunduki na kumkata mtu kidole cha kati. Ndiyo maana mafundi wengi wa zamani wa Ulaya waliipeleka mbele ya mkono, kwenye mtutu, isiweze kumfikia mtu. Bunduki nyingi za Kimarekani zina pete kwenye mti, na kwa risasi ndogo haina neno. Kwa hii ya mjomba ina neno.

Mbele, kwa hiyo, kazi ilikuwa ya mkasi: kukata uzi wa hirizi. Fundi alikataa kuukata. Alisema yeye ni fundi wa bunduki, mambo mengine yana wenyewe. Mjomba akaufungua kwa meno, akaitia hirizi mfuko uleule wenye bolti, na pete mpya ikapita kwenye kijicho bila kulazimishwa.

Nyuma ndiko kulikokuwa na ufundi. Alipima kwa penseli na uzi katikati ya upande wa chini wa kitako, maana tundu likienda upande hata kidogo bunduki itaning'inia imeinama maisha yake yote. Alizungushia tepu kwenye ncha ya keekee kuonyesha mwisho wa kina, ili asitoboe zaidi ya urefu wa skrubu. Kwanza akatoboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, katikati ya mninga ule ule, ili meno ya skrubu yapate mti wa kuuma. Kisha akapanua mdomo wa tundu tu, mahali shingo nene ya skrubu itakapokaa. Mti mkavu wa zamani ukilazimishwa hapo mdomoni unapasuka, na ufa wa kitako haurudi. Akatafuta sabuni ya kupaka kwenye skrubu. Mjomba akamsogezea nta ya Usinge. Fundi akaiviringisha skrubu kwenye nta, akaizungusha kwa mkono, robo, robo, akirudisha nyuma kidogo kila mara kusafisha unga, na ikazama ikilia kidogo tu. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amefumba macho.

Njia nzima ya kurudi hakusema. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, na nilijua ni kile kile nilichokuwa nahesabu mimi. Mninga. Mkono mzuri. Muda wa kutosha. Mahali pa hirizi.

Mkanda ulishonwa na fundi viatu wetu, kwa ngozi ya ng'ombe iliyonunuliwa kwa wafugaji wa Kisukuma. Wa kwanza ulikuwa na upana wa vidole vitatu, wakati pete ilipokea inchi moja tu. Fundi viatu akasema tukapanue pete. Ukapunguzwa. Ngozi haikuwa imeiva sawasawa, ikawa na harufu ya nyama ambayo mjomba alisema itaisha. Ili kulainisha aliipaka mafuta ya ng'ombe, akaipaka tena, halafu kwa kuwa ni mtu asiyependa kazi nusunusu akaipaka tena, kisha akauvua mkanda kwenye pete na kuutandaza juani kwenye kigogo cha uani. Bunduki yenyewe ilifungiwa ndani, kama inavyotakiwa.

Asubuhi tulikuta kipande cha urefu wa kiganja na alama za meno. Mbwa wa mjomba alikuwa amelala kivulini, tumbo juu, na hakuamka hata alipotajwa jina.

Habari zikamfika bibi, mjane wa babu, akiwa jikoni anachambua mchicha. "Mkanda wa bunduki umeliwa na mbwa," nikamwambia. Bibi akaweka ungo chini. Akacheka kicheko cha kimya kwanza, mabega tu, kisha sauti ikaja, kisha kikohozi, tukampa maji. Alipopata pumzi akasema, "Babu yenu yeye alisema fisi."

Mjomba akakaa kwenye kigoda bila kualikwa.

Ikatoka yote. Bunduki ilikuwa na mkanda, mzuri, wa ngozi ya kahawia wenye kishikizo cha shaba. Bwana mkubwa alipoanza kuitundika begani mwenyewe na kwenda porini asubuhi peke yake, babu aliona mshahara wake unapungua sababu. Siku moja mkanda ukaliwa na fisi. Pete ya nyuma ikalegea yenyewe, babu akajitolea kuiondoa kabla haijaharibu mti na kuziba tundu vizuri, bure kabisa, na Mzungu akamsifu kwa uaminifu. Pete ya mbele aliitoa siku hiyo hiyo, kwa usalama. Mkanda mwingine uliagizwa Ulaya. Bibi hakumbuki kama ulifika ama ulifia posta. Babu akaendelea kubeba bunduki begani mpaka bwana wake alipoondoka nchini.

"Na ule mkanda wa kwanza?" mjomba akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nilifungia kuni," bibi akasema. "Miaka mingi. Ulikuwa mkanda imara sana ule."

Mjomba alijaribu kumtetea baba yake. Alisema labda bunduki iliyoning'inizwa inasinzia kweli. Bibi akamjibu kwamba aliyekuwa anasinzia ni babu, chini ya mti, bunduki imeegemea shina, na Mzungu ndiye aliyekuwa anamwamsha.

Sasa bunduki ina mkanda wa turubai, uliokatwa kwenye hema kuukuu na kushonwa mara mbili. Mbwa ameunusa, akauacha. Bunduki inakaa mgongoni, mtutu juu, haimpigi mtu kisogo. Mjomba anasalimia kwa mikono miwili, anauliza habari za ng'ombe wa kila mtu, na shamba anafika saa nne wakati nyani wameshamaliza. Aliyefaidi ni mke wake. Siku ya kwanza alipomwona mumewe anatoka mikono mitupu alimwita, akampa dumu la maji mkono wa kulia na jembe mkono wa kushoto, na kwenye keria akamfungia gunia la mbolea. Askari Mzaramo aliyekuwa anapita akasimama kupiga saluti.

Nawe msomaji, kama umerithi bunduki ya zamani na kibali chako kiko sawa, na unaona duara la rangi tofauti chini ya kitako, usikimbilie kutoboa. Ipeleke kwa fundi mwenye leseni akuonyeshe palipozibwa. Kabla ya hapo, kama bibi yako bado yuko hai, kaa naye jikoni umuulize zamani alikuwa anafungia kuni kwa kitu gani.